Uzoefu wangu: meza iliyotumika, viti vya mti wa mpira na kabati la chipubodi

Nilihitaji meza ya kulia, viti vyake na kabati la vitabu, kwa bei nisiyolazimika kukopa, na mbao zisiwe zimetoka kwenye msitu ulioporwa. Niliambiwa masharti hayo mawili hayapikiki chungu kimoja. Nimeishi na samani hizi zaidi ya mwaka sasa, na nasema yanapikika, mradi ujue cha kukagua kabla hujatoa pesa.

Meza ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Nimeinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, chini ya nusu ya bei ya meza mpya ya ukubwa huo. Ukinunua kilichokwisha kutumika hakuna mti mwingine unaokatwa kwa ajili yako, ndiyo maana mimi huanzia hapo. Kabla ya kulipa niliomba tuipindue, kwa sababu uso wa meza hupakwa vanishi ukapendeza, lakini chini hakuna anayehangaika kupaficha. Mistari ya ubao ilitoka juu ikashuka hadi kwenye kichwa cha ubao bila kukatika. Ingekuwa chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, iliyobandikwa utando wa mbao, mistari ingeishia ukingoni. Ulimi wa fremu ulizama ndani ya tundu la mguu na kushikwa na kijiti cha mbao. Nikapitisha mkono kwenye kona zote kutafuta vitundu na unga wa mbao iliyobunguliwa. Hakukuwa na kitu. Mguu mmoja ulikuwa umelegea na juu kulikuwa na madoa meupe ya vikombe vya moto, jambo lililonisaidia kupunguziwa bei. Fundi seremala aliufungua ule mguu, akakwangua gundi kuukuu yote, akatia mpya na kuubana usiku kucha. Kisha akapiga msasa na kupaka vanishi upya. Haijacheza tena. Meza ya kufungwa kwa skrubu kwenye chipubodi haitengenezeki hivyo, kwa sababu tundu likishapanuka skrubu haina pa kushika.

Viti nilinunua vipya, vya mti wa mpira. Mti huu hupandwa kwa ajili ya utomvu, na baada ya miaka 25 hadi 30 hivi, utomvu ukipungua, hukatwa ili shamba lipandwe upya. Zamani mbao zake nyingi ziliishia kuwa kuni. Leo zinatengeneza viti imara vya bei nafuu. Havipendi unyevunyevu, kwa hiyo usiviache nje. Ila mti wa mpira peke yake si hakikisho la uadilifu, kwa kuwa kuna misitu ya asili iliyofyekwa kupisha mashamba hayo hayo. Ndiyo maana nilisisitiza kibandiko cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu lililoanzishwa mwaka 1993.

Hapa ndipo nilipokutana na usumbufu. Duka moja lilikuwa limeandika “rafiki wa mazingira” kwenye kila kitu. Nilipoomba namba ya cheti nikaonyeshwa picha ya jani. Duka jingine lilinipa namba, nikaitafuta kwenye orodha ya FSC ambayo yeyote anaweza kuifungua mtandaoni, nikakuta cheti kimekwisha kufutwa. La tatu namba yake ilikuwa hai na aina ya bidhaa ililingana, nikanunua hapo. Namba yenyewe huanza na FSC-C, kisha tarakimu 6, na kuikagua ni kazi ya dakika chache tu. Kinachonipa imani zaidi ni kwamba tangu 2021 kanuni za FSC kwa wasindikaji na wauzaji wa mbao zinagusa pia haki za wafanyakazi: ajira ya watoto, kazi ya kulazimishwa, ubaguzi na uhuru wa kujiunga na vyama. Hazithibitishi kwamba aliyekipiga kiti msasa analipwa vizuri. Hilo nilimuuliza muuzaji, naye alinitajia karakana na akanijibu bila kukwepa.

Kabati ni la chipubodi ya mbao zilizorejelewa, lenye kibandiko cha FSC Recycled. Niliuliza kiwango cha kemikali ya fomaldehaidi kwenye gundi, maana mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliitangaza kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kabati langu lina alama ya E1, yaani daraja la ubao unaotoa fomaldehaidi kidogo, na harufu iliisha upesi nilipoacha madirisha wazi. Udhaifu wake ni rafu: zile ndefu zilianza kupinda katikati kwa uzito wa vitabu. Nimezigeuza na kupigilia ubao mwembamba chini yake, zinahimili. Meza na viti ningevinunua tena kesho. Kabati ningelitafuta lililotumika, la mbao tupu, hata kama ningelisubiri miezi.