Miaka 3 na huduma ya taka Moshi: barabara nyota 5, uzoaji wa mtaani nyota 3

Nina mgahawa mdogo wa mtori na ndizi nyama hapa Moshi mjini, kwa hiyo habari ya taka inanigusa kila siku. Maganda ya ndizi peke yake yanajaza viroba viwili kwa siku, na yakipigwa jua hadi jioni yanaanza kuchuruzika maji na kuita nzi.

Kwenye ufagiaji wa barabara sina neno baya. Saa kumi na moja alfajiri, nikitoka kwenda kuwasha jiko, nawakuta kina mama wa ufagio wameshaanza upande wa Mnara wa Saa, reflekta zao zinawaka kila pikipiki ikipita. Wanaacha virundo vidogo vidogo vya taka, mwenzao anafuata na toroli. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wanafagia mpaka mchanga wa ukingoni. Mchanga huo ukiachwa, mvua za masika zinausomba hadi mtaroni, mtaro unaziba, maji yanaingia madukani. Miji mingine niliyokaa wanaokota makaratasi tu na kuondoka.

Wenyeji nao hawacheki na uchafu. Mgeni mmoja alidondosha kizibo cha chupa mlangoni kwangu, dereva wa bajaji akamwambia, "Dada, okota hicho, hapa ni elfu hamsini." Faini hiyo kila mtu anaijua, na si bure Moshi imebeba tuzo za kitaifa za usafi.

Ukiingia mitaa ya ndani, mambo yanabadilika. Kikundi kinachozoa taka kwetu kinatakiwa kupita Jumanne na Ijumaa. Aprili iliyopita hakikuonekana kwa siku 9. Viroba vililoa, mbwa wakavichana, maji yenye harufu yakatiririka hadi kwa jirani yangu mwenye mtoto mchanga. Nilipiga simu mara nyingi bila kupokelewa. Baadaye nikaambiwa gari lilishindwa na tope. Tope nalielewa. Ujumbe mmoja wa simu ungetosha, nisingetoa viroba nje. Ada ya mwezi huo nililipa yote, na bado naona si haki.

Jambo la pili ni kuchanganya taka. Maganda, nepi, glasi, vyote vinarushwa pamoja. Kijana mmoja wa gari alikatwa na glasi iliyovunjika getini kwangu, hana glavu, damu ikawa inadondoka kwenye kiroba. Nilimwosha kidole kwa maji ya chumvi nikamfunga. Tangu siku ile glasi naziweka kwenye boksi lake, nimeandika CHUPA kwa makapeni.

Maganda nayo yamepata mwenyewe: mzee mmoja mfugaji wa nguruwe anapita jioni na baiskeli kuyachukua, bure. Ninachotoa kwa gari sasa hakifiki nusu kiroba, na ndicho pekee kinachokwenda dampo la Kaloleni. Kama una jiko la biashara mjini hapa, mtafute mfugaji kabla hujafungua.

Ijumaa iliyopita gari lilifika saa nne asubuhi. Kijana yule alikuwa amevaa glavu nene za bluu. Nikamuuliza kama wamegawiwa. Akasema hapana, kanunua kwa hela yake.