Mizani ya jikoni: miezi saba ya kupima mafuta, sembe na tui

Ukisema mizani, wengi wanafikiria ile ya kupanda na kujipima kilo. Ninayoizungumzia hapa ni mizani ndogo ya jikoni, bapa kama sahani, ya betri, inayopima kuanzia gramu 1 hadi kilo 5. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 22,000 na leo ina miezi saba kwenye meza yangu. Nimeitumia karibu kila siku.

Kilichonipeleka kuinunua ni presha. Kliniki walinikuta presha imepanda, uzito kilo 91, na kimo changu ni sentimita 160. Nikaambiwa nipunguze mafuta, chumvi na sukari, na uzito nao ushuke. Nikaitikia. Lakini kwenye daladala ya kurudi Tabata swali likawa linanizunguka kichwani: nipunguze kutoka ngapi? Kwa sababu mimi nilikuwa naamini kabisa kwamba sipiki kwa mafuta mengi. Si mtu wa chipsi za barabarani. Kwetu ni ugali, mchicha, maharage, samaki, wali wa nazi siku mojamoja. Vyakula ambavyo kila mtu anasema havina neno.

Jioni ya kwanza na mizani niliunga mchicha kama ninavyouunga siku zote, ila chupa ya mafuta ya alizeti niliiweka kwanza juu ya mizani, nikabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Nikaichukua, nikamimina kwenye sufuria kwa mkono uleule wa siku zote, nikairudisha. Ikasoma 71, na alama ya kutoa mbele yake. Nikaiondoa chupa, nikaifuta, nikaiweka tena. 71 ileile.

Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama gramu 14. Kwa hiyo nilikuwa nimemimina vijiko vitano, na mtu angeniuliza ningemwapia kwamba ni viwili. Gramu moja ya mafuta, yawe ya alizeti au ya mawese, ina kama kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina kama 4. Sufuria moja ya mboga ikawa imebeba kalori zaidi ya 600 za mafuta peke yake, na tui bado sijatia. Mchicha wenyewe, nusu kilo iliyokwisha kuchambuliwa, una kama kalori 115 tu. Nilisimama pale jikoni nikaona kliniki walikuwa wanazungumza na mimi kweli, si maneno ya kumwambia kila mgonjwa.

Baada ya hapo nikalipigia hesabu dumu. Tulikuwa tunamaliza dumu la lita 5 kwa wiki tatu, sisi watu watano. Lita 5 za mafuta ni kama kilo 4.6. Gawanya kwa siku 21, kisha kwa watu watano, unapata kama gramu 44 kwa kila mmoja kila siku, karibu kalori 400. Dumu la sasa linakaa wiki saba. Kwa bei ya mafuta ilivyo, mizani ilirudisha pesa yake mapema kabisa, ingawa sikuinunua kwa sababu hiyo.

Mchicha sasa naunga hivi. Sufuria inapata moto na gramu 15 za mafuta, basi. Kitunguu kinaingia na chumvi kidogo, nafunika. Kitunguu kikifunikwa kwa moto mdogo kinatoa maji yake na kulainika bila kuungua, na kikianza kushika chini natia vijiko viwili vya maji, sirudii mafuta. Halafu karoti iliyokwaruzwa na nyanya nyingi, nne kubwa badala ya mbili, nafunika tena mpaka nyanya ziive kabisa na kuwa rojo. Hapo ndipo makosa yalipokuwa. Nilikuwa naharakisha nyanya kwa mafuta na moto mkali, kumbe zikipewa dakika kumi zinajipika zenyewe. Kitunguu saumu, pilipili hoho, mchicha, dakika tatu, natoa jikoni ungali kijani.

Tui nilidhani nitaliaga, na hilo liliniuma kuliko lolote. Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga na alipokuja kukaa nasi mwezi mmoja, chakula cha kwanza bila nazi alikula kimya, akamaliza, akasema, "Mwanangu, umepika vizuri, ila hii mboga imekosa mwenyewe." Nikamweleza habari ya presha. Hakubishana. Kesho yake alikuna nazi mwenyewe, akakamua, kasimile, yaani tui zito la kwanza, akaiweka bakuli lake na tui la pili bakuli lake, akaniambia nipikie mboga kwa lile jepesi, kasimile niitie mwishoni nikiwa naepua, kidogo tu ya kunukia. Tukaipima: gramu 60 kwa sufuria nzima. Kabla ya hapo nilikuwa namimina bakuli lote. Tui zito lina kama kalori 230 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 60 kwa watu sita ni kitu kidogo sana, na ladha imebaki. Tena inasikika zaidi kuliko zamani, kwa sababu kasimile ikichemka muda mrefu inakatika na harufu inapotea. Hilo wapishi wa pwani wanalijua tangu enzi, nami nilikumbushwa na mama mwenye umri wa miaka sabini na mbili aliyeshika mizani kwa mara ya kwanza.

Sasa ugali. Hapa watu wengi wanaojaribu kupungua wanauacha kabisa, siku ya tano wanarudi kwa njaa. Mimi sikuuacha. Niliupima. Sufuria yangu ya ugali niliipima tupu mara moja tu, nikaandika uzito wake kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa mkono. Nikapima sembe kavu, gramu 800, nikasonga, nikapima sufuria na ugali wake, nikatoa uzito wa sufuria. Ukabaki ugali wa gramu 2,200. Kisha nikajipakulia kwa mazoea na kuipima sahani: gramu 550. Maana yake nilikuwa nakula robo ya ugali wote, yaani gramu 200 za sembe kavu, karibu kalori 720, kabla ya mboga. Mume wangu, anayeshinda kazini akibeba mizigo, alipakuliwa sawa na mimi ninayeshinda nimekaa cherehani. Sasa najipakulia gramu 300, mboga ndiyo inajaa sahani, na siondoki mezani na njaa. Dona inanishibisha haraka kuliko sembe, kwa hiyo siku nyingi nasonga dona.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Nilikuwa nimesikia namba hiyo bila kuiona. Iweke kwenye mizani uione: ni bakuli la mchicha uliochambuliwa, nyanya mbili na chungwa zima. Zamani nilikuwa sifiki hata nusu yake.

Sukari sitaieleza sana. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, changu chenye kilima kilikuwa 7. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 84. Nimeshuka hadi kijiko kimoja kilichosawazishwa na tangawizi nyingi.

Karanga ndizo zilizonishangaza. Nilikuwa nazitafuna jioni nikiangalia taarifa ya habari, nikizihesabu kama kitu cha afya, na ni cha afya kweli, ila karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Mikono miwili niliyozoea ilikuwa gramu 60, kama kalori 340. Sasa napima gramu 20 kwenye kibakuli na mfuko naurudisha kabatini kabla sijakaa.

Kwenye chumvi mizani hii imenisaidia nusu. Kiwango kinachoshauriwa na shirika hilohilo ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, lakini mizani ya kusoma gramu mojamoja haioni vizuri kitu kidogo kinachotiwa polepole. Unaweza kunyunyiza chumvi mara tatu, ikabaki sifuri. Nilichofanya ni kuangalia pakiti badala ya chungu. Pakiti ya gramu 500 ya chumvi yenye madini joto, kwa watu watano, haipaswi kwisha kabla ya siku 20 hata kama kila mmoja angekula kiwango cha mwisho cha mtu mzima. Yetu ilikuwa inakwisha siku ya kumi na mbili. Na hapo hujahesabu chumvi iliyomo kwenye mkate na viungo vya vipande vya supu. Vile vipande nimeviacha kabisa, mahali pake nakamua ndimu na kutia ukwaju.

Samaki simkaangi tena kwa mafuta. Kibua au changu nampaka ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, anakaa nusu saa, anaingia juu ya mkaa. Watoto wakitaka viazi, nachemsha mpaka vikaribie kuiva, navichuja maji, navigeuza kwenye kikaangio kisichoshika na gramu 15 za mafuta mpaka vipate rangi. Jirani ana mashine ya kukaanga kwa hewa ya moto na alinikopesha wiki moja. Inafanya kazi nzuri, viazi vinakauka vizuri nje. Lakini ya kwake inapika chakula cha watu wawili kwa mkupuo, na kwa nyumba ya watu watano nilikuwa nasimama jikoni saa nzima umeme unakimbia. Kwa bei ya mashine ile unanunua mizani kama hii nyingi, na mizani inagusa kila chungu unachopika, si viazi peke yake.

Kasoro zake ninazijua vizuri sasa. Ya kwanza, inajizima baada ya dakika mbili. Ukiwa umeweka chupa na kurudisha sifuri, halafu mtoto akakuita, ukirudi hesabu imepotea. Ya pili, kioo cha namba kiko chini ya ukingo, kwa hiyo ukiweka sufuria pana huoni kitu. Dawa yake ni kufunika bakuli gumu juu ya mizani, kurudisha sifuri, ndipo uweke sufuria juu ya bakuli. Ya tatu ilinigharimu: niliweka sufuria iliyotoka motoni moja kwa moja, kona moja ya plastiki ikayeyuka. Bado inapima sawa, lakini sasa natanguliza kibao cha kukatia. Kabla ya hii nilinunua ya springi yenye mshale, bei nusu. Kitu kilekile leo inasema gramu 200, kesho 240. Usipoteze pesa yako huko.

Chakula cha watoto sikipimi, na sitaki waone namba pembeni ya sahani zao. Wanakula mboga ileile yenye mafuta machache, inatosha. Na mimi mwenyewe wiki za mwanzo nilikuwa napima mpaka kipande cha tango, nikaona nakaribia kukichukia chakula. Nikaacha. Sasa napima vitu vinne: mafuta, tui, karanga na ugali au wali wangu. Vingine napakua tu.

Baada ya miezi saba nina kilo 82, na mara ya mwisho kliniki presha ilikuwa imeshuka. Dawa bado natumia kama nilivyoelekezwa, na jioni natembea hadi barabara kubwa na kurudi, kwa hiyo siwezi kusema ni mizani peke yake.

Ukienda kununua, nenda na chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Ipime palepale dukani. Maji ya nusu lita ni gramu 500, na chupa ya plastiki inaongeza chache, kwa hiyo utarajie namba iliyozidi 500 kidogo. Ikisoma 470 au 580, rudisha uchukue nyingine. Bonyeza pia kitufe cha sifuri mara kadhaa uhakikishe hakikwami, kwa sababu hicho ndicho utakachokibonyeza kila siku.