Jiko la kupasha nyumba joto Lushoto: lipi lishike namba moja, lipi liachwe dukani

Aliyezoea joto la Tanga mjini hushangaa kusikia kwamba ndani ya mkoa huohuo kuna watu wanaotafuta jiko la kuotea, si la kupikia. Apande tu kutoka Mombo, azungushe kona za Soni hadi Lushoto, kisha aendelee Magamba, Shume au Mtae katikati ya kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu unashuka mapema jioni, blanketi linakuwa na unyevu, na sebule yenye sakafu ya saruji inageuka friji.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba huko milimani anayetaka jiko litakalokubali kuni leo, mkaa kesho na vifuu vya nazi mwanawe akivileta kutoka Pangani. Tumepanga chaguo kwa vigezo vitatu: moshi na hewa ya sumu vinakwenda wapi, nishati gani utaipata mwaka mzima, na jiko litadumu misimu mingapi.

Kabla ya jiko, tazama juu. Kama nyumba ni ya bati bila siling bodi, hela ya kwanza iende kwenye siling, ya pili kwenye mianya ya milango. Joto hupanda, na bati halizuii kitu. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.6 kikiwa na siling kinatosheka na jiko la kilowati 3 hivi. Bila siling, chumba hichohicho kitataka karibu mara mbili, na kuni mara mbili.

Namba 1: Jiko la chuma nene, lenye mlango, wavu na bomba la moshi

Hili ndilo la kununua, na ndilo ambalo watu hudanganywa nalo zaidi. Huna haja ya kuagiza nje. Karakana za kuchomelea za Tanga mjini, Korogwe na Lushoto zinaweza kulitengeneza. Shida ni kwamba fundi wengi wamezoea mageti na madirisha, na jiko si geti.

Anza na unene. Pleti iwe ya milimita 5, isipungue 4. Rangi ikishapigwa huwezi kuona unene, kwa hiyo tumia mizani. Pleti ya milimita 5 ina kilo 39 kwa mita ya mraba. Jiko la sentimita 40 kwa 40, kimo 55, linakula takriban mita za mraba 1.2, yaani kilo 47 kabla ya wavu, miguu na matofali ya ndani. Ukilipandisha mizani likasoma kilo 20, umeuziwa milimita 2, na litapinda msimu wa kwanza na kutoboka wa pili au wa tatu.

Sasa hewa, maana hapa ndipo jiko la nishati mchanganyiko linapotofautiana na sanduku la chuma. Mkaa huungua kwa hewa inayotoka chini kupitia wavu. Kuni ni kinyume: hupenda kulala juu ya majivu ya sentimita 2 au 3 na kupata hewa kutoka juu, kwa sababu sehemu kubwa ya joto lake imo kwenye gesi inayotoka kwenye mti, na gesi hiyo isipopata hewa juu ya moto inaondoka kama moshi mweusi. Kwa hiyo jiko liwe na vidirisha viwili vya hewa: kimoja chini ya wavu, kingine juu ya usawa wa moto, kila kimoja kikifungwa peke yake. Jiko lenye tundu moja tu la chini litachoma mkaa vizuri na kuni vibaya. Hakuna jiko linalochoma kila kitu sawasawa. Lenye vidirisha viwili linakaribia tu.

Wavu ukiwa wa chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo, ni bora. Ukikosekana, nondo za milimita 16 zinafaa, zikiachana milimita 10 hadi 12. Mwambie fundi asizichomelee. Zikae juu ya vipande vya engo (chuma cha pembe), huru, ili zikipata moto zirefuke bila kupinda, na ikiungua moja ubadilishe moja. Chini yake kuwe na droo ya majivu, nayo imwagwe kila siku unapotumia mkaa: majivu yakijaa hadi kugusa wavu, hewa haipiti kuupoza, na nondo zinalegea kama mishumaa.

Juu ndani kunatakiwa sahani ya kuzuia moto: pleti ya milimita 6 iliyolala kwa mteremko, ikiacha nafasi ya sentimita 5 hivi upande wa mbele. Bila sahani hiyo miali inakwenda moja kwa moja kwenye bomba na unapasha joto ukungu wa Usambara. Iwe ya kutoka, ili masizi yaliyokaa juu yake yafagiliwe.

Pembeni pangwe matofali ya kuchoma, kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga. Saruji ya kawaida hupasuka kwa moto wa namna hiyo.

Mlango ukaguliwe kwa vitu viwili vya bure. Bana kipande cha gazeti kwenye ukingo, funga, kisha kivute. Kikitoka bila kubishana, mlango unavuja. Halafu subiri giza, weka tochi inayowaka ndani ya jiko, funga kila kitu, zunguka. Mwanga unaoonekana kwenye maungio ni njia ya moshi. Kamba ya kuziba mlango iwe ya nyuzi za glasi, ya milimita 10. Ukiletewa ya asbesto, ikatae. Na kioo mlangoni ni urembo. Kama si kioo maalumu cha kuhimili moto, kitapasuka, wala usikubali cha dirishani.

*Bomba*

Jiko zuri lenye bomba baya ni baya. Kipenyo kiwe milimita 150, na kuanzia juu ya jiko hadi ncha ya nje kupatikane mita 4 hadi 4.5. Kona mbili za nyuzi 45 zinapitisha moshi vizuri kuliko moja ya nyuzi 90. Ncha ipande angalau sentimita 60 juu ya kilele cha paa ikiwa bomba linatokea karibu nacho, na ivae kofia ya mvua.

Mita 2 za kwanza kutoka kwenye jiko ziwe za bomba jeusi, si la mabati. Zinki ya mabati huyeyuka kwenye nyuzi 420, na moto mkali hufikia hapo. Mvuke wake si wa kuvuta. Bomba la ukuta mmoja likae sentimita 45 mbali na mbao za paa (papi na kenchi) na siling bodi. Wengi hupasua tundu linalolingana na bomba kabisa, mbao zinakauka na kuungua polepole hadi siku moja zinashika moto usiku. Kata tundu kubwa, lizibe kwa kipande cha bati. Chini ya bomba kiwekwe kiungo cha umbo la T chenye kifuniko kwa ajili ya kufagia.

Na ukuta utobolewe tundu la hewa la sentimita 10 kwa 10 karibu na jiko. Moto unakula hewa. Chumba kikizibwa sana unaivuta kupitia bomba, pamoja na moshi wake.

Namba 2: Jiko la matofali la kujengwa

Kwa mwenye nyumba yake, mwenye watu nyumbani mchana kutwa, hili lingeweza kuwa la kwanza. Matofali na udongo vipo hapohapo, na ukuta uliopata moto jioni bado una uvuguvugu alfajiri. Juu unaweka sahani ya chuma, na sufuria ya maharage inaiva bila gharama ya ziada. Limeshuka namba kwa sababu mbili. Linachukua saa moja hadi mbili kabla chumba hakijasikia kitu, kwa hiyo halimfai anayerudi kazini saa kumi na mbili. Tena likikosewa huwezi kulirudisha kwa fundi. Mdai fundi wavu, vidirisha viwili na bomba kama kwa namba 1, na jiko liachwe likauke wiki tatu au nne kabla ya moto mkubwa. Maji yakichemka ndani ya tofali, ukuta unapasuka.

Namba 3: Jiko la pipa

Pipa la lita 200 lililolazwa, likawekwa miguu na mlango. Bei ni ndogo, joto ni la haraka, na ukumbi wa kanisa, msikiti au darasa unapata moto upesi. Lakini chuma chake ni kama milimita 1. Weka mchanga au matofali chini ndani, usichome makaa ya mawe humo, na hesabu misimu miwili. Ulizia lilikuwa na nini. Lililobeba dawa za mashambani liachwe, hata kwa bure.

Namba 4: Hita ya umeme

Chumbani kwa mtoto mchanga au mgonjwa wa kifua, hii inapita zote zilizo juu, kwa kuwa haitoi moshi. Kwa sebule ya kila siku, piga hesabu: kilowati 2 kwa saa 4 ni uniti 8 kila jioni, 240 kwa mwezi. Aliye kwenye kundi la TANESCO la matumizi madogo la uniti 75 atatoka humo kabla mwezi haujafika katikati. Usiichomeke kwenye eksitensheni nyembamba.

Namba 5: Hita ya gesi isiyo na bomba

Mtungi wa kilo 6 una nishati ya takriban kilowati-saa 77, hivyo hita ya kilowati 3 itaumaliza kwa saa 25 hivi. Ubaya ambao wauzaji hawautaji ni maji: kila kilo ya gesi ikiungua hutoa karibu kilo moja na nusu ya mvuke, na nyumba za Lushoto hazikosi unyevu. Ukuta utaota ukungu mweusi. Ukinunua, iwe na kifaa cha kuzima yenyewe hewa ya oksijeni ikipungua, na usilale nayo.

Namba 6: Meko wazi ya ukutani

Nyumba za zamani, zikiwemo za enzi mji ulipoitwa Wilhelmstal, zinayo, na yanapendeza kutazamwa. Sehemu kubwa ya joto inapanda na dohani, yaani njia ya moshi iliyojengwa ukutani, na moto unavuta hewa baridi kutoka vyumba vingine. Kama unayo tayari, ingiza jiko la namba 1 ndani yake na pitisha bomba kwenye dohani ileile.

Lisilopewa namba

Jiko la mkaa la kawaida, liwe la bati au la udongo, ni la kupikia mahali penye hewa. Kulibeba chumbani na kufunga mlango ili mlale na joto ni kucheza na roho. Mkaa uliokolea, ule mwekundu usio na moshi, ndio hatari zaidi kwa sababu unaaminiwa: unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inashika damu mahali pa oksijeni. Kichwa kikiwauma watu wote wa chumba kimoja kwa wakati mmoja, wakawa na kizunguzungu na kichefuchefu, hiyo si malaria ya ghafla; tokeni nje kwanza, kisha nendeni hospitali. Hata mwenye jiko la bomba anunue kengele ya gesi hiyo, ya betri.

Kuni za kulisha jiko

Jiko la kilowati 5 likifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 65 linakula kilo 2 za kuni kavu kwa saa, au kilo 1 ya mkaa. Saa 4 kila jioni kwa siku 90 ni karibu kilo 700 za kuni. Miwati na mikaratusi vinatoa joto refu. Mgrivea ni wa kati. Mabanzi ya misindano kutoka mashine za mbao za Shume ni rahisi na yanawaka upesi, ila yana utomvu, kwa hiyo yachanganye na mti mgumu. Miti ya mkonge iliyokauka na vifuu ni vya kuwashia, si vya kukaa usiku. Makaa ya mawe, zikiwemo Rafiki Briquettes za STAMICO, shirika la madini la taifa, yachomwe juu ya wavu na kwenye bomba tu. Yana salfa inayokula chuma, hivyo bomba lifagiliwe msimu ukiisha, lisilale na masizi.

Usichome mbao zenye rangi, nguzo za umeme zilizotiwa dawa, wala magogo yaliyookotwa ufukweni. Chumvi ya bahari hutafuna jiko kwa ndani.

Kuni mbichi ndizo zinazoleta ile lami nyeusi inayotiririka kwenye maungio ya bomba. Lami hiyo hushika moto, na bomba likinguruma kama lori linalopanda mlima, funga hewa zote, usimwage maji. Kuzuia ni rahisi: fagia bomba kila mwezi wa baridi, na usizibe hewa ili moto ulale hadi asubuhi. Ili kujua kama kuni zimekauka, pima kipande kilekile kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ziko tayari.

Jiko likifika, liwashie moto nje mara mbili tatu hadi harufu ya rangi iishe. Kila ukiwasha siku ya baridi kali, anza na gazeti moja karibu na mdomo wa bomba. Hewa baridi iliyokaa humo ndiyo inayorudisha moshi sebuleni.

Kuni za Juni hupasuliwa mwishoni mwa Desemba, zikapigwa na jua la Januari na Februari, zikaingizwa bandani kabla ya masika. Anayenunua jiko mwezi wa sita, na kuni zake bado zinatoa maji, mwaka huu achome mkaa au mabanzi makavu, na wavu wake umwagwe majivu kila asubuhi.