Beetle ya 1972: gari haina shida, shida ni walionitangulia

Naandika bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie. Muda kidogo uliopita nilichukua Volkswagen Beetle ya 1972, muuzaji kanihakikishia "hii imefanyiwa kila kitu, wewe ni kuwasha na kuondoka". Kuwaka kweli inawaka, na kuondoka inaondoka. Ila jioni moja nipo barabarani nasikia harufu ya plastiki inaungua, nikajua tu ni lile lori la mbele, kumbe moshi unatoka chini ya kapeti, hapa hapa pembeni ya mguu wangu!! Nikapaki, nikazima swichi. Moshi unaendelea. Gari nimezima, funguo ninayo mkononi, na moshi unaendelea, hebu ielewe hiyo. Betri ya Beetle inakaa chini ya siti ya nyuma, kwa hiyo ikabidi ning'oe siti huku mikono inatetemeka, nikafungua waya wa hasi, ndo moshi ukakata.

Sasa chanzo chake ni nini. Honi. Honi tu jamani.

Kwenye hii gari honi inapata umeme wake kupitia fyuzi kama kawaida, ile batani ya kwenye usukani kazi yake ni kupeleka erthi, yaani kuunganisha honi na bodi ya gari ili umeme urudi kwenye betri, basi. Sasa pale mhimili wa usukani unapoungana na boksi ya stelingi kuna raba katikati, na raba haipitishi umeme, kwa hiyo kiwandani wakaweka kakipande ka waya kanakoruka ile raba, urefu wa kidole hivi. Ukikata kona kulia kushoto miaka na miaka kale kawaya kanachoka kanakatika, na honi inakufa. Dawa yake ni kuweka kawaya kengine, hata chai haipoi. Ila huyu aliyekuwa nayo kabla yangu, au fundi wake, au wote wawili sijui, akavuta waya mpya kutoka kwenye betri kule nyuma moja kwa moja hadi mbele, bila fyuzi, narudia BILA FYUZI, akaulaza chini ya kapeti ukapita kwenye reli ya siti ya dereva, kule mbele akaufunga kwenye batani ya kengele ya mlangoni. Ndiyo, kengele ya nyumba, ile ya wageni. Kaigundisha chini ya dashibodi na mimi siku zote nikidhani ni ya kurusha maji kwenye kioo. Kila siti ikisogezwa inausaga ule waya, hadi plastiki ikaisha shaba ikagusa bodi, na kwa kuwa hakuna fyuzi ya kukatika, betri ikamwaga umeme wake wote pale hadi waya ukaiva.

Nikampigia muuzaji, na nilianza kwa adabu kabisa. Nikamwambia kaka, ile gari nusura iniunguze. Anajibu nini? "Bosi, gari za zamani ndo zilivyo, ukitaka amani nunua mpya." Akacheka, akakata simu. Mimi kile kicheko kimeniuma kuliko hata moshi. Ndo zilivyo kivipi? Ilitoka kiwandani na kengele ya mlango? Mwaka huo huo 1972 Beetle ndo iliipita rekodi ya Ford Model T ya gari iliyotengenezwa kwa wingi zaidi duniani, zaidi ya magari milioni 15, na wakaendelea kuzitoa hadi 2003 kule Meksiko, jumla yake ikapita milioni 21. Gari iliyotengenezwa kwa wingi namna hiyo mchoro wake wa nyaya haujafichwa, spea zake bado zinauzwa, hata ile raba ya usukani unaipata mpya. Kwa hiyo habari ya uzee asiniletee, ule ni uvivu, kazi ya kulipua, bora liende.

Baada ya hapo nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi tukaanza kufungua kila kona. Kwenye boksi ya fyuzi, zile fyuzi zake ndogo za kauri nusu yake zimeviringishiwa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Sakafu chini ya betri imeliwa na asidi, wakaziba na kipande cha debe na silikoni, yaani betri yote hiyo imekalia debe. Raba za kuzunguka injini zilishatolewa zamani, sasa feni inavuta hewa ya moto ya chini inairudisha humo humo, injini ikichemka dawa yao ilikuwa kuweka kijiti boneti ya nyuma ikae wazi. Plagi moja imegundishwa. Kwa gundi. Mzee akaiangalia, akavua miwani, akaniambia "mwanangu, huyu alikuwa anawahi giza".

Nilipanga hapa niandike msinunue gari za zamani, full stop, na kwa siku kadhaa ndo ilikuwa msimamo wangu kwa kila aliyeniuliza. Lakini nikiwa mkweli gari yenyewe haijaniangusha hata mara moja, kila kilichoharibika kilikuwa ni mkono wa mtu, na kila tulipokirudisha kama kilivyokuwa kiwandani kikafanya kazi bila maneno. Kawaya ka usukani tulikaweka, nikabonyeza batani yenyewe ya katikati ya usukani, honi ikalia. Aisee. Nikabonyeza tena. Majirani wamenichoka. Kwa hiyo nunueni, ila kabla hujatoa hela ng'oa siti ya nyuma, fungua boksi ya fyuzi, bonyeza honi, na ukiona batani yoyote ambayo hakuna anayeweza kukuambia ni ya nini, fuata waya wake hadi mwisho muuzaji akiwa amesimama hapo hapo anakuangalia.

Gari naipa tisa kwa kumi. Muuzaji sina namba ndogo ya kumpa. Na hiyo tisa yenyewe ni ya muda maana breki za nyuma hatujazifungua bado, mzee anasema gurudumu la kushoto lina mlio hauelewi, na wallahi nikikuta gundi humo nampigia yule jamaa tena, safari hii adabu naiacha nyumbani.