Ofisi ya nyumbani yenye utulivu: nunua kiti kwanza, maua yatasubiri

Wengi wetu tukitaka kutengeneza kona ya kazi nyumbani tunaanza na rangi ya ukuta, picha na chungu cha maua. Nami nilianza hivyo. Kona ilipendeza kweli, lakini ikifika alasiri mabega yamekaza, macho yanawasha, na sina hamu ya kuongea na mtu. Nilikuwa nimeipamba kona nikausahau mwili. Ndiyo maana orodha hii inafuata kinachougusa mwili zaidi. Kama fedha ni kidogo, anzia juu.

1. Kiti

Hapa usijibane. Picha haitoshi, kikalie robo saa nzima. Nyayo zilale sakafuni, mapaja yasining'inie. Egemea hadi mwisho, kisha pitisha vidole kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Vikipita viwili au vitatu, kinakufaa. Visipopita, ukingo utakubana na miguu itakufa ganzi. Egemeo lijaze ule mbonyeo wa mgongo, pale juu kidogo ya kiuno. Angalia pia mikono ya kiti: isiyoshuka hugonga meza, ukabaki umekaa mbali na kuinama siku nzima. Ngozi bandia hushika jasho na baadaye hubanduka. Kitambaa cha wavu hupitisha hewa.

Kati ya kiti kipya dhaifu na kilichotumika lakini imara, mimi huchukua kilichotumika. Ila kipandishe hadi juu, ukikalie, usubiri. Kikianza kushuka chenyewe, kiache hapo hapo.

2. Taa

Kabla ya kununua, geuza meza ili dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako linamulika skrini, likiwa mbele linakuumiza macho. Kisha tafuta taa ya mezani inayobadilisha rangi ya mwanga: karibu 4000 K mchana, 2700 K jioni (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, mwanga huwa mweupe zaidi), maana mwanga mweupe mkali usiku huchelewesha usingizi. Dukani, ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari inatembea kwenye picha, mwanga unapepesa, na kupepesa huko huchosha kichwa hata kama jicho haligundui.

3. Zulia na pazia zito

Piga kofi moja katikati ya chumba. Likijibu kwa mwangwi, zulia litakusaidia kuliko pambo lolote. Usitegemee lizuie kelele za nje; kazi yake ni kutuliza sauti za humo ndani, na hilo peke yake hupumzisha akili sana. Kelele za nje zikizidi, ongeza vipokea sauti vya kuzuia kelele, ukijua kwamba vinamudu mvumo wa feni au injini kuliko maongezi ya watu.

4. Meza

Meza nyingi zina kimo cha sentimita 72 hadi 75. Ukiwa mfupi, nunua kibao cha kuwekea miguu. Upana kutoka kwako hadi ukutani usipungue sentimita 60, ili skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa. Anayetumia kompyuta mpakato anahitaji stendi na kibodi ya pembeni kabla ya kuwaza meza ya kupanda na kushuka, ambayo ni nzuri lakini inaweza kungoja.

5. Mimea

Wauzaji hupenda kutaja utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989 kwamba mimea husafisha hewa. Majaribio yale yalifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Chumba cha kawaida kingehitaji msitu. Kwa hewa safi, fungua dirisha. Mmea ununue kwa ajili ya jicho lililochoka na skrini, na hiyo ni sababu tosha. Sansevieria, ule mmea wa majani marefu yaliyosimama kama upanga, huvumilia kivuli na kusahauliwa. Acha udongo ukauke kabisa kabla ya kumwagilia tena, kwani maji mengi ndiyo yanayoozesha mizizi yake.