Gpredict na sauti inayopanda: nimeitumia na setilaiti ya RS-44 kutoka Arua

Mimi ni fundi redio hapa Arua. Hamu ya setilaiti ilinishika Desemba 2022, pale PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, ilipoachiwa angani kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa. Vijana wetu wameunda kitu kinachozunguka dunia, nami nakaa tu nabadilisha spika za watu? Nikaomba leseni ya redio ya ridhaa.

Vifaa vyangu si vya kifahari: Yaesu FT-817 ya wati 5 ya kurushia, kidude cha RTL-SDR cha kupokelea kupitia programu ya Gqrx, antena ya Yagi niliyoikata mwenyewe kwa fimbo za alumini, na laptopu ya Linux. Kinachoviendesha vyote ni Gpredict, programu ya bure ya kufuatilia setilaiti ya Alexandru Csete, ambaye Gqrx pia ni kazi yake. Wengi huisifu kwa ramani yake nzuri. Mimi naisifu kwa jinsi inavyosahihisha athari ya Doppler (masafa kubadilika kwa sababu ya mwendo) kwenye njia ya kupanda, yaani kutoka kwangu kwenda kwa setilaiti.

Lori la kwenda Koboko likipiga honi, mlio huwa mwembamba likija na mzito likishakupita. Redio nayo ni hivyohivyo: RS-44, setilaiti ya redio ya ridhaa, inakwenda kasi ya kilomita 7 kwa sekunde. Inapochomoza kuja kupita juu ya kichwa, masafa ya megahezi 435 ninayoyapokea yanakuwa yamepanda kilohezi 8 hivi, na yale ya 145 ninayoyarusha, yenyewe inayasikia yamepanda karibu kilohezi 3. Ikienda kuzama, mambo yanageuka. Na sauti ya SSB, aina ya mawimbi tunayoongelea hapo, upana wake ni kama kilohezi 2.7 tu! Kosa la 3 linatosha kukutoa kwako kabisa ukaingia kwa jirani.

Zamani nilikuwa nazungusha kipokezi tu mpaka nijisikie, basi. Transponda ya RS-44, yaani kifaa chake kinachopokea sauti zetu na kuzirudisha chini, hupindua masafa (ukipanda wewe, yenyewe inashuka), kwa hiyo sehemu ya kosa hujifuta yenyewe, nami nikaridhika. Kumbe kule juu sikutulia mahali pamoja. Kuanzia setilaiti inapochomoza hadi inapozama nilikuwa nimetambaa kilohezi 6 hivi, katika nafasi ya kilohezi 60 ambayo ni ya watu wote. Mzee mmoja wa Nairobi ndiye aliyeniambia, kwa upole sana, kwamba nimempitia juu ya mazungumzo yake mara mbili. Iliniuma, maana sikujua.

Gpredict inafanya hivi: ikishajua nilipo (KJ53, msimbo wa eneo letu kwenye ramani ya wanaredio) na njia ya setilaiti, inashusha masafa ninayorusha wakati setilaiti inakuja na kuyapandisha inapoondoka, ili setilaiti isikie masafa yaleyale mwanzo hadi mwisho. Kipokezi inakipeleka kinyume chake. Ukibonyeza Track inafuata. Ukibonyeza L, kupanda na kushuka vinafungwa pamoja, ukihama kutafuta nafasi tupu vyote viwili vinahama. Ila hakikisha faili ya transponda ina mstari wa INVERT=true. Bila huo, kufuli ya L inakupeleka upande usio wako.

Kuiunganisha ndiyo kazi. Nilimaliza Jumapili nzima. FT-817 inaongea kupitia rigctld ya Hamlib (programu ya kuendesha redio kwa kompyuta) kwenye poti 4532, Gqrx inasikiliza kwenye 7356, na lazima Gpredict uielekeze kifaa kipi ni cha kupokea na kipi cha kurusha. Maelezo yake hapo ni haba mno, na kwa mgeni hilo ni kosa kubwa.

Kisha kuna saa ya kompyuta, ambayo Gpredict huitegemea kujua setilaiti iko wapi. Betri ndogo ya laptopu yangu ilikufa, saa ikachelewa sekunde 20. Setilaiti ikiwa juu kabisa masafa hubadilika karibu hezi 50 kila sekunde kwenye kupokea, kwa hiyo nilikuwa nje kwa karibu kilohezi nzima, nikailaumu programu bure. Sasa nalinganisha saa kila jioni kabla ya kupanda paani, na data za mizunguko nazipakua mara moja kwa wiki; bando halisumbuki.

Kitu kimoja Gpredict haiwezi kukusaidia: FT-817 haikubali kubadilishiwa masafa ukiwa umebana kitufe cha kuongea. Ukihutubia dakika mbili bila kuachia, unateleza palepale. Sema maneno machache, achia, isubiri irekebishe, endelea. Na kwa SO-50, setilaiti nyingine ambayo ni ya FM, njia ya kupanda ya 145.850 iache ilivyo. Kipokezi chake kinavumilia. Sahihisha ile ya kushuka tu.

Wiki iliyopita nilimkuta tena yule mzee. Tuliongea tangu RS-44 ilipochomoza mpaka ikatoweka, dakika kumi na kitu, na hakuna aliyegusa kitufe cha masafa.