Washauri waliotushirikisha katika mradi wa kituo cha taka: tathmini ya mkazi

Kwa miezi saba nilikuwa miongoni mwa wakazi walioalikwa kutoa maoni kuhusu kituo cha kuchambua taka na kuandaa zile zinazoweza kurejelezwa, ambacho mwekezaji alikuwa akikiombea kibali cha ujenzi jirani na makazi yetu. Kazi ya kutusikiliza ilikabidhiwa kampuni ya washauri, na ninayoitathmini hapa ni huduma ya kampuni hiyo, si mradi wenyewe.

Katika mkutano wa pili washauri walitandaza mezani ramani kubwa ya eneo, wakatugawia pini za rangi na kutuomba tuchome kila mahali panapotutia wasiwasi. Mama mmoja alichoma pini nyekundu kwenye barabara inayopita mbele ya shule, akaeleza kwamba malori yangepita hapo saa ileile watoto wanapotoka darasani. Mshauri hakumpa ahadi yoyote. Aliiandika hoja hiyo, akaipa namba 14, kisha akamsomea alichoandika ili athibitishe kuwa ndicho alichokisema. Wiki sita baadaye namba 14 ilikuwa ndani ya ripoti, pamoja na mchoro mpya ulioonyesha lango limehamishiwa upande wa pili na maelezo ya sababu za kulihamisha. Nimewahi kuhudhuria mikutano ya aina hii ambayo maoni yaliandikwa na hayakuonekana tena, kwa hiyo naithamini sana hatua hiyo.

Suala la harufu nalo lilijibiwa kwa kina. Mhandisi alieleza kwamba feni huvuta hewa ya ukumbi wa kupokelea taka ili shinikizo la ndani liwe dogo kuliko la nje, hivyo mlango unapofunguliwa hewa huingia badala ya kutoka, na kwamba hewa inayovutwa hupitishwa katika tabaka la vipande vya mbao vyenye vijidudu vinavyovunjavunja kemikali zinazonuka. Tulipouliza itakuwaje feni ikiharibika, alikiri kwamba harufu itatoka, akatuonyesha mahali feni ya akiba itakapofungwa. Baadaye tulipelekwa kwenye kituo kinachofanya kazi, na kwa ombi letu ziara ikafanyika mchana wa jua kali, wakati taka zinanuka zaidi.

Kasoro kubwa ni kwamba tuliitwa wakati eneo lilikwisha kuchaguliwa. Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998, unaohusu haki ya umma kupata taarifa na kushiriki katika maamuzi ya mazingira, unataka watu washirikishwe mapema, njia zote zikiwa bado wazi. Sisi tungeweza kuhamisha lango, kuongeza urefu wa ukuta na kubadilisha saa za malori, lakini swali la kwa nini kituo kijengwe hapa na si kwingine halikuwa na mlango wa kuingilia. Sherry Arnstein, aliyeandika mwaka 1969 kuhusu ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidato 8, aliweka mashauriano kwenye kidato cha 4, chini ya ubia; hapo ndipo tulipoishia, na sidhani kosa ni la washauri peke yao, kwa sababu mwenye mradi ndiye aliyewaajiri kwa kuchelewa.

Matangazo ya mikutano yalitolewa kwa wakati. Muhtasari wa tathmini ya athari kwa mazingira, hata hivyo, ulijaa istilahi ambazo jirani yangu mzee hakuzielewa mpaka mjukuu wake alipomfafanulia.

Naipa huduma hii alama 3 kati ya 5, na ningemshauri mwenye mradi yeyote aiajiri kampuni hii kabla hajalipia kiwanja. Hoja namba 31, inayohusu kelele za mashine za kuchambua usiku, bado imeandikiwa “inashughulikiwa”, na ombi la kibali litasikilizwa mwezi ujao.